Uzi wa nyuzi: skrubu na bisibisi za helikopta za rimoti, nisaidieni kabla sijaua nyingine

Panga_Legevu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nina helikopta ya rimoti ya saizi ya 450, nimeichukua kwa mtu aliyechoka nayo. Nilitaka kubadilisha pinioni, ile gia ndogo ya mota. Niliambiwa ni kazi ya dakika 20. Leo siku ya tatu.

Mota imeshikwa na skrubu mbili za M3 (unene wa milimita 3) za alenki. Ya kwanza ilitoka kwa adabu. Ya pili, alenki ilizunguka yenyewe ndani, ikatoa sauti ya "krrk", na lile tundu la pembe sita sasa limekuwa duara kama jicho la samaki. Hapo bado sijaigusa ile skrubu ndogo isiyo na kichwa inayobana pinioni kwenye shafti.

Nauliza: naitoaje hii? Bisibisi za kununua ni zipi? Na nikirudishia skrubu mpya niweke nyeusi au nyeupe, maana naona ziko za aina mbili?

Nati_Moja

Pole mkuu. Karibu chamani, kila mtu humu ana kaburi la skrubu.

Rota_Kimya

Kabla ya yote, tuambie alenki uliyotumia ni ya wapi. Itazame shingoni, imeandikwa nini?

Panga_Legevu

Ni ile ya umbo la L, ilikuwa kwenye kopo la vifaa mchanganyiko. Imeandikwa 3/32. Iliingia vizuri tu, ila ilikuwa inacheza kidogo.

Mzee_wa_Shafti

"Inacheza kidogo." Kijana, umejijibu mwenyewe.

Hiyo ni alenki ya inchi. 3/32 ya inchi ni milimita 2.38. Skrubu ya M3 yenye kichwa cha silinda inataka 2.5. Tofauti ni ya unywele, lakini kwenye pembe sita unywele unatosha. Alenki inayojaa tundu inasukuma kuta zote sita. Inayopwaya inagusa karibu na pembe tu, kwa ncha, na chuma chochote kikisukumwa kwa ncha kinakwanguka. Ukishakwangua pembe sita umebaki na duara.

Balaa la vipimo vya inchi ni kwamba vingine vinaingiliana na vingine haviingiliani kabisa. 5/64 ni 1.98, ukiitumia kwenye tundu la 2.0 hakuna atakayejua. 1/16 ni 1.59, haiingii kwenye 1.5, kwa hiyo itakukatalia na haitakudhuru. Ni 3/32 peke yake inayoingia ikitabasamu. Nimeua nayo skrubu nne za kichwa cha rota, kile kinachoshika mapanga yanayozunguka, kabla sijaelewa, na nilikuwa nalaumu skrubu.

Kwenye helikopta hizi karibu kila kitu ni milimita. Ukikutana na modeli ya zamani ya Kimarekani unaweza kuona skrubu za 4-40, yaani nyuzi 40 kwa inchi, unene wake milimita 2.84. Hiyo ndiyo inayotaka 3/32. Na usijaribu kuichanganya na M3, itaingia mizunguko miwili halafu inakula nyuzi za alumini yote.

Binti_Gia

Ongezea hapo mzee, watu huwa wanadhani M3 ni M3. Unene wa skrubu haukuambii alenki gani itumike, umbo la kichwa ndilo linalokuambia. M3 ya kichwa cha silinda: 2.5. M3 ya kichwa cha mviringo, kile kilicholala kama kitufe: 2.0. M3 isiyo na kichwa, ya kubana shafti: 1.5. Skrubu moja, alenki tatu.

M2.5 nayo: silinda 2.0, kitufe 1.5. M2 silinda 1.5. M4 silinda 3.0, kitufe 2.5. Ukizijua hizo umemaliza karibu helikopta nzima.

Na hesabu kidogo, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Nguvu ya kuzungusha ambayo pembe sita inaweza kubeba inapanda kwa upana wake mara tatu kwa kuzidisha, yaani kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo 2.0 inabeba kama nusu ya 2.5. Na 1.5 inabeba karibu moja ya tano tu ya 2.5! Ndiyo maana vichwa vya kitufe na zile zisizo na kichwa ndizo zinazolika kila siku. Fremu yangu ilikuja na vitufe kila mahali kwa sababu ya urembo. Palipokuwa na nafasi niliviondoa vyote, nikaweka silinda. Helikopta imekuwa na sura ya trekta lakini inafunguka.

Nati_Moja

Trekta inayoruka 😂

Panga_Legevu

Asanteni, nimewasoma. Lakini hii iliyokwama nifanyeje? Nimejaribu kuichoma na bisibisi bapa, haikuelewa.

Rota_Kimya

Acha bisibisi bapa kwanza. Tunaanza na upole, tunaenda kwenye ukatili.

Chukua alenki ya 2.5 ya kweli, mpya, yenye ncha kali. Mara nyingi tundu lililolika kwa juu bado lina pembe nzima huko chini, kwa sababu alenki iliyopwaya haikuzama mpaka mwisho. Safisha uchafu ndani kwa sindano. Ingiza, igonge kidogo izame, jaribu.

Ikikataa, weka joto. Aliyekuwa nayo pengine alitia gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu isilegee. Gundi ya bluu inalegea kwa moto wa wastani. Chukua pasi ya kulehemu, weka ncha juu ya skrubu sekunde kadhaa, isiguse fremu. Jaribu ikiwa bado ya moto.

Ikikataa tena, tafuta biti ya Torx ya T10, ile yenye nyota ya ncha sita. Ncha zake zina upana wa kama milimita 2.7. Tundu lako ni 2.5 ukipima ukuta kwa ukuta, na karibu 2.9 ukipima pembe kwa pembe. Maana yake T10 ni kubwa kuliko duara ulilotengeneza, ni ndogo kuliko pembe za zamani. Igonge iingie, inajichongea meno yake. Kwa tundu la 2.0 ni T8, kwa 1.5 ni T6. Ila angalia: usigonge nyundo huku mota inaning'inia hewani, beringi zake zitaumia. Egemeza mgongo wa fremu kwenye ubao.

Na kwa sababu kichwa cha silinda kipo nje, unaweza pia kukibana kwa koleo la kujifunga ukikifikia. Kina upana wa 5.5.

Kipanga_Mweusi

Mimi hukata mfereji juu ya kichwa kwa kijiwe kidogo cha kukatia, halafu bisibisi bapa inafanya kazi. Dakika mbili.

Rota_Kimya

Inafaa, ila kando ya mota, mkuu? Vumbi la chuma na sumaku ya mota ni marafiki wakubwa. Funika mota yote kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwanza, la sivyo utakuwa unatoa unga wa chuma kwenye koili mwaka mzima.

Kipanga_Mweusi

Kweli. Hapo umenishinda.

Panga_Legevu

Nitajaribu T10 kesho. Sasa kuhusu bisibisi. Naona watu wanaziita seti za vipande 30, 40. Nichukue?

Mzee_wa_Shafti

Hapana, hapana. Vipande 40 ni vipande 36 usivyovihitaji na vinne vya chuma laini. Nunua vinne tu: 1.5, 2.0, 2.5 na 3.0. Kama una helikopta ndogo zaidi ongeza 1.3, na kwa zile skrubu za M2 zisizo na kichwa ongeza 0.9. Viwe vya kushika kwa mpini ulionyooka, shingo ndefu, ncha ya chuma kilichokomazwa. Wiha na Wera za Ujerumani, Hudy ya Slovakia, MIP ya Marekani, zote nimezishika na zote zinadumu. Kuna zenye ncha za kubadilisha, ikichoka unanunua ncha tu.

Kwa nini mpini ulionyooka na si L? Kwa sababu L ina mkono mrefu. Mkono mrefu ni wenzo, na wenzo hauna huruma na M2. Skrubu ya M3 ya daraja la nguvu la 8.8 inakazwa kwa kama nyutoni-mita 1.2 tu. Ukishika L mwishoni unaipita hiyo bila kujua. Mpini wa bisibisi unakuambia kiganjani: hapa imegusa, hapa imekaa, hapa inatosha. Kwa M2 mimi sishiki mpini kwa kiganja, nazungusha kwa vidole vitatu, kama unafunga kizibo cha dawa ya macho.

L nayo nakubali ina kazi. Ina kazi ya kufungua iliyokataa, na kuingia pembeni.

Binti_Gia

Na zile zenye ncha ya mpira wa duara, za kuingia kwa mshazari? Mimi nazipenda kwa skrubu za mota, fremu ya 450 ni finyu.

Mzee_wa_Shafti

Dada, ni za kuzungushia haraka tu. Mpira unagusa kwa mstari mwembamba, na shingo yake ni nyembamba kuliko alenki yenyewe. Legeza kwa ncha iliyonyooka, kisha endelea kwa mpira. Kukaza vilevile: peleka kwa mpira, malizia kwa iliyonyooka. Nimeona mpira umekatika ndani ya skrubu ya swoshipleti, ile sahani chini ya kichwa cha rota inayoinamisha mapanga. Huo si uzoefu wa kumtakia mtu.

Binti_Gia

Sawa mzee, ila kama iliyonyooka haifiki kabisa? Kuna fremu ambazo mbuni alikuwa na hasira na sisi.

Mzee_wa_Shafti

Hapo kata alenki ya L, bakiza mguu mfupi wa milimita 6 hivi. Utafika. Ukisaga, chovya kwenye maji kila sekunde mbili tatu. Chuma kikibadilika rangi kuwa buluu, ugumu wake umekwenda, una waya sasa. Na hii ndiyo dawa ya alenki iliyochoka pia: saga milimita mbili za mbele, kwa pembe iliyonyooka kabisa, una ncha mpya.

Sukani_Tatu

Jamani mnazungumza alenki tu. Mimi nina helikopta ya Kijapani ya zamani, skrubu zote za nyota. Na servo zangu, zile mota ndogo za usukani, pia za nyota. Nyota ni nyota, au?

Rota_Kimya

Nyota si nyota hata kidogo. Phillips ni nyota ya Kimarekani ya miaka ya 1930. Wajapani wana yao, inayofuata kiwango cha JIS. Kwa macho zinafanana, ila msalaba wa Phillips una ncha na kona za ndani tofauti, kwa hiyo bisibisi ya Phillips kwenye skrubu ya Kijapani haishuki mpaka chini. Inakaa juu juu. Ukikaza inapanda, inaruka, inakula kichwa. Watu husema "skrubu za Kijapani ni laini". Mara nyingi si laini, wamezitia bisibisi isiyo yake.

Skrubu nyingi za JIS zina kidoti kimoja kilichochomwa kichwani. Ukikiona, tafuta bisibisi ya JIS. Habari njema ni kwamba ya JIS inafanya kazi vizuri kwenye Phillips pia, kwa hiyo ukinunua moja, nunua hiyo.

Sukani_Tatu

Nimekwenda kutazama sasa hivi. Kidoti kipo! Miaka yote nadhani ni kasoro ya kiwandani.

Kipanga_Mweusi

Turudi kwenye rangi aliyouliza mleta uzi. Mimi nasema weka nyeupe, chuma kisichoshika kutu. Nyeusi zinaota kutu ukiruka asubuhi kwenye umande. Nyeupe zinapendeza na zinadumu.

Mzee_wa_Shafti

Hapa tutagombana, rafiki yangu.

Nyeupe za kawaida ni za daraja la A2-70, zinakatika kwa megapaskali 700. Nyeusi nzuri ni za daraja la 12.9, zinakatika kwa 1,200. M3 ina eneo la kubeba la milimita za mraba 5 hivi. Piga hesabu: nyeusi inafika kama nyutoni 6,000, nyeupe 3,500. Tena nyeupe ni laini, tundu lake linalika mapema, na hilo ndilo tatizo lililotuleta kwenye uzi huu.

Sasa tazama kinachovuta. Panga la 450 tuseme lina gramu 30, kitovu cha uzito wake kiko sentimita 20 kutoka katikati, rota inazunguka mara 2,800 kwa dakika. Panga hilo moja linavuta nje kwa nguvu ya nyutoni 500 na zaidi, sawa na kuning'iniza kilo 50. Kwenye saizi ya 700, panga la gramu 190, sentimita 40, mizunguko 2,000: kama nyutoni 3,300. Zaidi ya kilo 300 zinaning'inia kwenye skrubu za mwisho wa ile shafti inayopita katikati ya kichwa cha rota. Na hiyo ni kabla ya kuongeza uzito wa vishikizo vya mapanga na mtikisiko wa kila mzunguko, maana chuma hakikatiki kwa mvuto tu, kinachoka.

Nyeupe kwenye kifuniko cha mbele, miguu, sahani ya betri, weka upendavyo. Kwenye kichwa cha rota, mapanga, na mkia: 12.9, ikiwezekana ileile aliyoweka mtengenezaji. Kutu? Futa kwa kitambaa chenye tone la mafuta.

Kipanga_Mweusi

Sikubali yote, ila kwa kichwa cha rota sawa. Sina mpango wa kutafuta panga langu kwenye paa la jirani.

Binti_Gia

Na kuna ile bolti inayoshika kichwa cha rota kwenye shafti kuu, wengine huiita bolti ya Yesu. Ikikatika unabaki na kuliita hilo jina. Msiitafutie mbadala. Si bolti yenye nyuzi mwili mzima. Sehemu inayopita kwenye shafti ni laini, haina nyuzi, na hiyo ndiyo inayobeba. Ukiweka ya nyuzi zote, nyuzi zinasaga tundu, tundu linapanuka, na kila uzi ni mahali pa ufa kuanzia.

Bolti za mapanga ni kinyume chake, zisikazwe sana. Laza helikopta ubavu: mapanga yasianguke kwa uzito wao, lakini ukiitikisa yasogee. Yanajinyoosha yenyewe yakizunguka.

Panga_Legevu

Naandika yote. Na gundi ya nyuzi? Aliyeniuzia alisema ameweka "kila mahali".

Rota_Kimya

"Kila mahali" ndiyo sentensi inayonitisha kuliko zote.

Chuma kwa chuma, weka. Chuma kwa plastiki, usiweke kabisa. Gundi hizi zinakauka zikikosa hewa na zikigusa metali, kwa hiyo kwenye plastiki haikauki ipasavyo, na plastiki nyingine inapasuka yenyewe kwa kuguswa nayo. Nati yenye pete ya nailoni haihitaji. Kwenye plastiki, skrubu inajishikia kwa nyuzi ilizojikatia, ndiyo maana ukirudishia unaizungusha kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie inashuka "tik" kwenye njia yake ya zamani, ndipo unakaza. Ukiilazimisha inakata njia ya pili, na hapo hakuna njia tena.

Rangi: ya bluu, kama Loctite 243, inatosha karibu pote. Zambarau, 222, kwa vidogo vya M2 na vile visivyo na kichwa. Nyekundu iacheni kwa magari. Nyekundu inataka joto la karibu nyuzijoto 250 ndiyo iachie. Futa mafuta kwenye skrubu kwanza, skrubu mpya huja na mafuta. Tone moja, dogo kuliko unavyofikiri. Iache saa 24 kabla ya kuruka.

Halafu chora mstari wa rangi toka kichwa cha skrubu mpaka kwenye fremu. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka, unaiona bila kuishika.

Nati_Moja

Sasa ngoja aikute nyekundu kwenye pinioni...

Panga_Legevu

Wakuu mrejesho. T10 imefanya kazi! Niliigonga mara tatu, nikazungusha, skrubu ikalia kisha ikaachia. Nilitoa macho utadhani nimefunga goli.

Pinioni sasa. Skrubu ile isiyo na kichwa, alenki mpya ya 1.5 imekaa sawasawa, haichezi, lakini haiendi. Na kwenye nyuzi naona unga mwekundu. Nati_Moja wewe ni mchawi.

Nati_Moja

Sitaki lawama.

Rota_Kimya

Usilazimishe, 1.5 haina nguvu hiyo, dada ameshakupigia hesabu. Pasi ya kulehemu, ncha kwenye skrubu yenyewe. Shafti itabeba joto kwenda ndani ya mota na sumaku hazipendi joto, kwa hiyo funga kitambaa chenye maji kwenye shina la mota, uchome kwa vipindi. Sekunde 20 choma, jaribu, pumzika. Usikate tamaa kwa mara ya kwanza.

Panga_Legevu

Mara ya nne imetoka. Ilitoka na moshi na harufu mbaya. Pinioni mpya imeingia, skrubu nimeielekeza kwenye ule upande bapa wa shafti, bluu tone moja. Skrubu za mota nimeweka nyeusi mpya mbili, 12.9, nimechora mistari ya njano. Kati ya meno ya gia nilipitisha kipande cha karatasi kuacha nafasi kidogo, kisha nikakaza.

Mzee_wa_Shafti

Safi sana kijana. Na ile 3/32 iko wapi?

Panga_Legevu

Inakorogea gundi ya epoksi, mzee.